Maji ya Lulu

Al Jaddaf, Dubai
2 Mei 2023

Mjomba Hesbon,

Salamu zikufikie hapo Mudete ukiwa mzima, na kama lile goti bado linakusumbua, basi zilifikie goti kwanza. Mimi nashukuru Mungu, sijambo. Joto limeanza kupanda lakini bado halijatutia adabu. Mke wangu Judy ameniambia mtoto ameota jino la tatu na anamng'ata kila anayembeba, na kwamba wewe uling'atwa ukasema huyo ni wa ukoo wetu hasa. Nilicheka peke yangu ndani ya metro hadi watu wakanitazama.

Najua tangu masikio yako yazibe hutaki kusikia habari ya simu. Najua pia kwamba nikituma ujumbe kwa jirani yako Pauline, kanisa zima litakuwa limeusoma kabla yako. Ndiyo maana naandika. Unijibu kwa sanduku la posta lililo nyuma ya bahasha. Ni la mwajiri wangu, lakini ufunguo ninao mimi.

Sasa habari yenyewe. Nimeacha ile kampuni ya usafi. Nimeajiriwa na familia ya Kizanzibari iliyohamia huku kabla mimi sijazaliwa. Mama mwenye nyumba ni Bi Badriya, mjane, na Kiswahili chake kinanifanya nijione kama sikwenda shule. Mwanawe Saif ndiye kafeel wangu, yaani visa yangu iko mikononi mwake. Na kazi yangu, Mjomba, usicheke: nimeajiriwa kumtunza mbwa. Mbwa mmoja tu. Ana chumba chake na kiyoyozi chake, wakati sisi kule Discovery Gardens tunalala watu sita.

Anaitwa Lulu, ana miaka mitano. Siku ya kwanza nilingoja abweke, sikusikia kitu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Saif aliporudi safarini, mbwa aliinua shingo akatoa sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Nikaduwaa. Sauti hiyo niliisikia nikiwa mtoto, nyuma ya ua wako. Tena masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi, mkia umejikunja mgongoni, na miguu ni myeupe kana kwamba amevaa soksi. Mjomba, huyu ni ndugu wa mbwa wako wa Kongo!

Saif anasema jina lao ni basenji. Anasema picha za mbwa wa namna hii zimechorwa makaburini kule Misri ya kale, na kwamba Wazungu walipowachukua mara ya kwanza kutoka Kongo wengi walikufa kwa maradhi. Lakini Saif anawajua kwa kusoma. Wewe uliishi nao. Nieleze tabia zao na jinsi ya kuwatunza, maana huyu ndiye ugali wangu sasa.

Na jambo jingine, kama hutakasirika. Nakumbuka marehemu mama akipita mlangoni pako alikuwa anageuza uso. Nilimuuliza mara moja, akanipa maharagwe nichambue. Ilikuwaje kati yenu?

Mpwa wako,
Zadock


Mudete
4 Juni 2023

Mpwa wangu Zadock,

Goti limepokea salamu na linashukuru, ila halijapona. Mvua imenyesha, mahindi yamefika kiunoni. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hakuna aliyemshangilia. Judy na mtoto walikuja Jumapili. Nimejifunza kumbeba akiwa ameelekea upande wa pili. Barua yako ilichukua karibu mwezi mzima kunifikia. Posta yetu nayo ina goti.

Kwa hiyo umepanda ndege ukavuka bahari yote ile kwenda kuchunga mbwa! Babu yako angekuchapa. Mimi sikuchapi, kwa sababu mbwa huyo nampa heshima.

Nilikuwa utingo wa lori, tukipeleka chumvi na sabuni hadi Isiro, kule Kongo, na kurudi na kahawa. Huko ndiko nilikowaona. Wenyeji walitandaza nyavu msituni, halafu mbwa wakaingizwa upande wa pili wakiwa na kengele za mbao shingoni. Mbwa asiyebweka bila kengele humjui aliko. Kengele ikienda mbio, amekurupusha mnyama. Ikinyamaza, amesimama anakungoja. Nilitoa redio yangu nikapewa wawili, dume na jike, mwaka wa themanini na nane. Dereva wangu hakunisemesha mpaka Malaba.

Sasa shika haya. Mbwa huyo hatumwi. Ukimwita, kwanza anafikiri. Ukimpiga, umempoteza, ukimbembeleza, atakuja akimaliza shughuli zake. Hujilamba kama paka na hanuki. Mvua anaichukia, akiona wingu anarudi ndani. Ua kwake si kitu, anaupanda, kwa hiyo huko gorofani chunga madirisha. Kikimbiacho atakikimbiza, hata kikiwa gari, basi kamba isitoke mkononi mwako. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, usije ukadhani ni mgonjwa. Ukimwacha peke yake kutwa, atatafuna viatu, na si kwa njaa, ni kwa hasira. Mtu wake humchagua mwenyewe. Akishakuchagua ataegemeza mgongo wake kwenye mguu wako na kutazama kwingine. Hapo umekwisha.

Nilikaa nao mpaka wajukuu wao. Wa mwisho aliitwa Sina. Huyo sitaki kumzungumzia.

Na mama yako mwache apumzike. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako, na yaliyokuwa kati yetu yalizikwa naye. Usiniulize tena.

Mjomba wako,
Hesbon


Al Jaddaf, Dubai
1 Julai 2023

Mjomba,

Pole kwa dume la ng'ombe. Barua hii ataileta Mercyline, tunakaa jengo moja, anakuja likizo ya wiki mbili. Nimemwomba asiondoke bila jibu lako, kwa hiyo tafadhali usimwonyeshe mahindi siku nzima, mpe karatasi. Huku joto sasa ni lile lenyewe. Lulu namtembeza kabla jua halijatoka, kando ya viwanda vya kuundia majahazi, kwa sababu baada ya hapo lami inaunguza nyayo.

Amenichagua, Mjomba. Ilikuwa kama ulivyosema. Aliniegemea akitazama ukuta.

Lakini nina shida. Lulu anakunywa maji kupita kiasi. Bakuli zima asubuhi, la pili adhuhuri, la tatu kabla ya magharibi, na usiku anatafuta mengine. Na anakojoa popote, yeye ambaye ni msafi kuliko mimi. Chakula anamaliza lakini mbavu zimeanza kuonekana. Mara mbili amekojoa ukumbini, kwenye zulia ambapo Bi Badriya huswalia. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili aliniita akaniketisha.

"Zadock," alisema, "mie sina ugomvi na kiumbe cha Mungu. Lakini hapa naswali, na mkojo wa mbwa ni najisi. Akirudia tena atoke, na Saif nishamwambia. Khalas."

Mbwa akitoka, nami nimetoka. Visa yangu imeandikwa kwa ajili yake. Saif amekwenda Singapoo kikazi hadi tarehe kumi Agosti. Aliniambia nimpigie kukiwa na lolote, lakini nikimpigia wiki ya kwanza tu si ataona nimeshindwa? Sijampigia. Nafua zulia kwa siki kabla Bi Badriya hajatoka chumbani. Yupo kijana mmoja mlinzi hapo chini, Hudson, wa kwetu kabisa, nyumbani kwao ni Serem. Hunitembezea Lulu Jumapili ninapokwenda kanisani. Yeye anasema, "Bro, hii dogi ni mgonjwa, peleka daktari." Lakini daktari ni mpaka Saif aidhinishe, na hapo siri itatoka.

Wewe ulifanyaje mbwa wako alipokuwa hivi? Nijibu haraka. Nimekwama, Mjomba. Nakutegemea wewe tu.

Zadock


Mudete
14 Julai 2023

Mpwa wangu,

Mercyline ameketi hapa anakunywa chai ya pili, na anatazama saa. Sote wazima. Mtoto ana meno manne.

Usihangaike na daktari. Huyo mbwa ameharibiwa na maisha ya kiyoyozi. Mwindaji hampi mbwa maji kila anapotaka. Akiwa na tumbo la maji hakimbii. Fanya hivi: mpe nusu bakuli asubuhi, robo adhuhuri, na jua likielekea kuzama bakuli liondoe kabisa. Funga na mlango wa bafu. Atalalamika siku tatu nne, atakutazama kwa jicho la kukuonea huruma wewe mwenyewe. Usilegee. Mbwa huyu akijua umelegea amekushinda maisha. Baada ya wiki mbili ataacha.

Sisi tuliokaa nao tunajua. Zulia litakauka, na mama wa watu ataswali kwa amani.

Hesbon


Al Jaddaf, Dubai
12 Agosti 2023

Mjomba Hesbon,

Natumaini wewe na goti hamjambo. Nimesikia mahindi yamekomaa. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilifuata barua yako neno kwa neno. Zulia lilikauka siku ya pili, nikakusifu sana. Lulu hakulalamika. Alikaa mbele ya mahali bakuli lilipokuwa, akanitazama. Wiki ya pili akaanza kulamba vigae vya bafu, na dirisha linapotoa jasho asubuhi alilamba kioo. Nikajiambia usilegee. Wiki ya tatu miguu ya nyuma ikawa inamwacha. Bi Badriya alimkuta amesimama chini ya bomba, mdomo wazi.

"Mwanangu, huyu ana kiu," aliniambia. "Mpe maji. Sisi tumefundishwa kwamba yuko mtu alosamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa."

Nikasema ndiyo, Bi Mkubwa. Nikamwekea Lulu maji, na Bi Badriya alipokwenda kuswali nikayaondoa. Niliogopa zulia lake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameniambia nimpe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga, Mjomba.

Tarehe saba Lulu alianguka. Bi Badriya, ambaye hajamgusa mbwa maisha yake yote, alimfunika kwa kanga yake, akaita gari, akakaa naye nyuma hadi hospitali ya wanyama. Daktari alisema ni ugonjwa wa kuzaliwa unaowapata sana mbwa wa jamii hii, huanza kuonekana wakifika umri wa Lulu. Figo zinavuja. Ndiyo maana alikuwa anakunywa: alikuwa anarudisha kinachomtoka. Akipewa maji bila kipimo, na dawa za chumvichumvi, anaweza kuishi miaka mingi. Lakini daktari alisema kuporomoka ghafla hivi kuna sababu nyingine juu yake, ama kiu, ama amelishwa kitu kibaya. Akaniuliza kama alikuwa anapata maji. Nikasema tele.

Saif alirudi juzi. Akaomba kuona kamera za ukumbi wa chini. Zikamwonyesha Hudson, Jumapili tatu mfululizo, ameinama anampa Lulu kitu kwenye kibakuli cha plastiki. Tukaitwa ofisini sote wawili. Hudson akasema ni maji. Saif akanigeukia mimi akaniuliza kama najua Hudson alikuwa akimpa nini. Nilijibu, na sitaki kuandika nilichojibu. Kampuni ya ulinzi ilimwondoa Hudson lindoni jioni ileile.

Lulu yuko kwenye dripu. Naruhusiwa kumwona nusu saa kwa siku. Anainua sikio moja akisikia kiatu changu.

Mjomba, nakuuliza na unijibu. Ni mbwa gani uliyemfanyia hivyo akapona? Nitajie jina lake.

Zadock


Mudete
21 Julai 2023

Zadock,

Mpe maji. Salamu baadaye. Mpe maji usiku na mchana, kadiri anavyotaka, hata akiloanisha nyumba nzima ya watu. Ukiipata barua hii ukiwa umesimama, usikae, nenda ukampe.

Nimelala siku saba bila usingizi tangu Mercyline aondoke na ile barua. Hii naituma kwa Posta kwa kuwa sina mtu mwingine anayekuja huko. Najua itachelewa. Ningeweza kumwambia Pauline akutumie maneno matatu kwa simu: mpe mbwa maji. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Atauliza kwa nini, na mimi sijawahi kumwambia mtu kwa nini. Nimerudi mara zote mbili. Mimi ni mzee wa hovyo, Zadock.

Sina alikuwa akinywa hivyohivyo. Akikojoa hivyohivyo, akikonda huku anakula. Nilimnyima maji kwa sababu ndivyo nilivyowaona wawindaji wakifanya asubuhi ya kuwinda, nami nikaligeuza jambo la asubuhi moja kuwa dawa. Mama yako alikuja kunitembelea, akamkuta Sina amefungwa mtini analamba udongo. Akaniambia, "Hesbon, mnyama ana kiu." Nikamwambia wanawake hawajui mbwa. Akaenda kisimani mwenyewe akateka maji; nikayamwaga mbele yake.

Sina alikufa siku ya tatu. Watu wakauliza. Nikasema dada yangu alikuja hapa akampa kitu. Sikusema sumu. Nilisema kitu, na watu wakamalizia wenyewe. Mama yako, dada yangu Fortunate, alingoja niseme kweli. Akangoja mwaka, akangoja miwili, halafu akaacha kungoja akawa anageuza uso. Miaka kumi na mmoja, hadi tukamzika. Nilishika jembe siku hiyo nikafukia kaburi lake nikiwa bado sijasema.

Uliponiandikia habari za huyo Lulu, niliona Sina mwenyewe amerudi. Na badala ya kusema kweli nikakupa dawa ileile, kwa sababu kama wa kwako angepona, basi mimi nisingekuwa na kosa. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Mpe maji.

Hesbon


Discovery Gardens, Dubai
24 Agosti 2023

Mjomba,

Barua yako ya tarehe ishirini na moja Julai nimeitoa sandukuni juzi. Ile mbaya ilikuja kwa mkono siku nne tu. Hii ilikaa njiani mwezi mzima.

Lulu alikufa tarehe kumi na tano. Nilikuwapo. Walikuwa wamemwacha anywe atakavyo mwishoni, na hakutaka tena. Aliniegemea kwa mgongo akatazama mlango. Nimelia mpaka nimechoka, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Nilichojibu ofisini siku ile ni hiki: "Sijui." Saif aliniuliza Hudson alikuwa akimpa nini, nikasema sijui. Na nilijua. Jumapili ya kwanza tu Hudson alikuwa ameniambia mwenyewe, "Dogi yako nimeipatia maji, bro, usikasirike, ilikuwa inaniangalia vibaya." Maji ya Hudson ndiyo yaliyomfikisha Agosti. Nilisema neno moja, na watu wakamalizia wenyewe, kama walivyokumalizia wewe.

Barua yako niliisoma nimesimama pale posta. Nikapanda moja kwa moja kwa Bi Badriya na Saif nikawaambia yote, ya zulia, ya bakuli, ya bafu, ya "sijui". Saif hakunitukana. Alisema, "Kila siku ulikuwa na namba yangu." Akaingia chumbani mwa Lulu akafunga mlango. Bi Badriya akasema, "Mie nilikwambia ana kiu. Basi usinililie mie, nenda kamwambie yule kijana."

Sasa nisikilize. Hudson hayupo. Visa yake ilifutwa, akapandishwa ndege tarehe kumi na sita. Nimekwenda kampuni ya ulinzi mara mbili, Saif naye amewaandikia. Wanasema nafasi yake imeshachukuliwa na faili limefungwa, na humo imeandikwa kwamba alidhuru mnyama wa mkazi. Kwa maandishi hayo hakuna atakayemwajiri huku tena. Namba yake ya huku haipatikani, na ya nyumbani sina. Visa yangu nayo inafutwa, nasubiri tarehe ya ndege, lakini hiyo ni haki yangu na silalamiki.

Nakuomba uende Serem. Barua hii nampa rafiki yake Judy anayesafiri kesho, utaipata wiki hii. Uliza nyumbani kwa Hudson aliyekuwa Dubai, utaonyeshwa. Usimpe karatasi mkononi ukaondoka. Sema kwa mdomo wako, mbele ya mama yake na majirani, maana wao wameambiwa mtoto wao alifukuzwa kwa kuua mbwa wa watu. Sema ni mimi. Mimi nitafika baadaye nimpigie magoti mwenyewe, lakini asikae siku nyingine hata moja na jina hilo.

Najua kwa mama hukuweza. Kwa Hudson nenda.

Zadock


Mudete
3 Septemba 2023

Mwanangu Zadock,

Nimekwenda. Judy alitaka kunisindikiza nikakataa. Nilipanda bodaboda hadi Serem, goti likilia njia nzima, nikaliacha lilie.

Walikuwa wanapukuchua mahindi, watu kama tisa hivi, mama yake na ndugu na jirani wawili. Nilikataa kiti. Nikasema jina langu, nikasema lako. Nikaeleza yote tangu bakuli hadi "sijui", kwa sauti kubwa, kwa sababu siisikii sauti yangu na sikutaka neno lipotee. Na nilipofika mwisho nikaona bado ninao mdomo, nikasema na ya Sina, na ya dada yangu Fortunate aliyeteka maji nikayamwaga. Nilikuwa sijawahi kuyasema. Kwa watu nisiowajua nikaweza.

Mama yake aliweka gunzi chini akaingia ndani. Sijui kama alikuwa analia. Hudson alisimama, akasema maneno mengi. Nilimwona mdomo unakwenda, unakwenda, na mimi sisikii hata moja. Nikamwonyesha masikio yangu, nikampa kalamu. Akatazama kalamu ile muda mrefu, halafu akaandika kidogo tu, akakunja. Mbele ya macho yangu hakutaka nisome. Nilisoma njiani, Mungu anisamehe. Naiweka humu ndani kama alivyoiandika.

Mjomba wako,
Hesbon


Zadock,

Pale ofisini niliulizwa mimi kwanza nikasema ni maji. Wakakugeukia. Mimi hata sikuogopa, kwa sababu nilijua wewe unajua.

Hudson